Kubadili Dawa na Kukatikiwa Dawa

Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels wakakubaliana mpaka upite wapi katika eneo la Ziwa Kivu na milima ya volkano. Gisenyi ikaangukia kwa Wajerumani. Upande wa pili, hatua chache tu, kikabaki kituo cha Wabelgiji kilichokua kikawa mji wa Goma. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walichapisha habari za wagonjwa wao wa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa: walipoondolewa korodani, au walipopewa homoni ya kike, saratani ilirudi nyuma. Hakuna mwanahistoria atakayeziweka tarehe hizi mbili katika sura moja. Lakini mzee wa Murara, mtaa wa Goma, anayeugua leo saratani hiyo anaishi pale zinapokutana. Tarehe ya 1941 inamwambia tiba zipi zipo. Ile ya 1910 inamwambia azifuate wapi, na kama leo lango litakuwa wazi.

Historia ya tiba hii husimuliwa kama msafara wa dawa, kila mpya ikimpokea mgonjwa mikononi mwa iliyotangulia. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yaliandikwa katika miji ambako stoo ya dawa haiishi na barabara haifungwi. Ukiyasoma ukiwa Murara unahitaji kipimo kingine: kila tiba inamtaka mgonjwa arudi mara ngapi? Goma ina mambo mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa ndani. Kuna kubadili dawa, na kuna kukatikiwa dawa. La kwanza ni uamuzi unaofanywa kwa ushahidi, kwamba dawa ya mwanzo imeshindwa na nyingine ina nafasi ya kufaulu. La pili ni tukio linalompata mgonjwa, naye huambiwa, "tumekubadilishia." Nasema kwamba tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupanga utaratibu wa matibabu katika mji kama huu, na kwamba historia yenyewe ya dawa hizi inaunga mkono jambo hilo kuliko wengi wanavyodhani.

Murara ni kartie ya komini ya Karisimbi, moja ya komini mbili za Goma. Mwanamume aliyezaliwa huko mwaka 1950 alikuwa na miaka 10 nchi ilipopata uhuru. Alikuwa na miaka 38 Kivu ilipogawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Julai 1994 watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa muda wa siku chache, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kando ya mji, na tangu hapo afya katika Goma ikaanza kuhesabiwa kwa kipimo cha dharura. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapasua katikati ya mji hadi ziwani. Miongoni mwa vilivyoteketea ni hospitali ya DOCS, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn, ambayo ilijengwa upya na kujulikana kwa jina la HEAL Africa. Ilikuja Novemba 2012 na waasi wa M23 walioteka mji. Ikaja Julai 2019 na mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini. Ikaja Mei 2021 na lava nyingine. Ikaja mwisho wa Januari 2025, mji ukatekwa tena, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Mtu huyo, kama amenusurika yote hayo, sasa ana miaka 75 hivi. Huo ndio umri wa saratani ya tezi dume.

Nimeeleza hayo kwa sababu wako wanaouliza kwa nini tuzungumzie kansere, kama inavyoitwa Goma, katika mji unaozika waliopigwa risasi. Swali hilo lina heshima yake, lakini limejengwa juu ya kosa. Vita haviondoi uzee. Huuacha tu bila mtu wa kuutazama. Mwaka 2022 wanaume karibu milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii na karibu 397,000 walikufa kwayo, na katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani ya kwanza kwa wanaume. Hakuna sababu ya kudhani kwamba imeirukia Goma. Kilichopo ni kwamba huku inakuja hospitalini ikiwa imechelewa, imekwisha kushuka kwenye nyonga na uti wa mgongo, baada ya mzee kuambiwa kwa miezi kwamba mgongo unamuuma kwa sababu ya kazi nzito.

Turudi Chicago. Wazo la kwamba tezi dume hutegemea korodani lilikuwa la zamani. John Hunter wa London alikwisha kuona, katika karne ya 18, kwamba tezi za wanyama waliohasiwa husinyaa. Huggins alilichunguza kwa mbwa, kisha kwa wagonjwa, akitumia kipimo cha damu kuonyesha kwamba uvimbe wenyewe ulikuwa ukipungua nguvu na kwamba hakuwa akiona nafuu ya kufikirika. Wanaume waliokuwa wamelala kwa maumivu ya mifupa waliinuka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Upasuaji wenyewe ni mdogo: hufanywa kwa ganzi, kwa muda usiofika saa moja, na hauhitaji chombo ambacho hospitali ya wilaya haina. Ndani ya saa 12 hivi homoni ya kiume katika damu imeshuka hadi kiwango kinachotakiwa, na haitapanda tena. Mgonjwa harudi kuchukua dozi ya pili kwa sababu hakuna dozi ya pili. Lava ikishuka, lango likifungwa, ghala likiporwa, tiba yake inaendelea.

Huggins pia ndiye aliyekutana mapema na swali la kubadili tiba. Saratani ilirudi, kwa wengi baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu, ingawa korodani hazikuwapo. Mwaka 1945 yeye na mwenzake walijaribu kuondoa tezi za juu ya figo, wakiamini kwamba huko nako kunatengenezwa homoni inayoilisha saratani. Waliona sawasawa, lakini kotisoni ya kumpa mgonjwa badala ya ile ya tezi zilizoondolewa haikuwapo bado, na wagonjwa hawakuishi. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa wazo hilo kurudi likiwa kidonge. Abirateroni, iliyobuniwa London katika miaka ya 1990 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia kwa kemikali kile alichotaka Huggins kukizuia kwa kisu, na hutolewa pamoja na predinisoni kwa sababu huvuruga homoni za tezi zilezile walizoondolewa wagonjwa wa 1945. Anayekatikiwa predinisoni ghafla katikati ya tiba hii hapotezi nusu ya dawa tu. Anaweza kurudishwa kwenye hatari ileile ya miaka 80 iliyopita.

Kati ya kisu cha 1941 na kidonge cha 2011 yalipita mengi, na yapo yanayostahili kusimuliwa polepole. Stilbestroli, homoni ya kike ya kutengenezwa, ilibuniwa London mwaka 1938 na Charles Dodds na haikuwekewa hataza. Ilikuwa rahisi mno, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mbadala wa kisu. Kisha majaribio makubwa yaliyofanywa katika hospitali za maveterani wa Marekani, yaliyoanza mwaka 1960, yakaonyesha kwamba dozi ya miligramu 5 iliua watu kwa moyo na kuganda kwa damu hata ilipokuwa ikiizuia saratani. Mwaka 1971 kundi la Andrew Schally lilibaini muundo wa homoni ya ubongo inayoziamrisha korodani kupitia tezi ya pituitari, jambo lililompa Nobel mwaka 1977. Kutokana na ugunduzi huo zikatoka sindano, liuprolidi mwaka 1985 na goserelini miaka michache baadaye, zinazozima korodani bila kuziondoa. Mwanamume alibaki na mwili wake mzima machoni pake, na jambo hilo si dogo.

Lakini sindano ilileta kitu ambacho kisu hakikuwa nacho, yaani tarehe ya kurudi. Kila mwezi mmoja, au kila miezi mitatu, mtu lazima awepo, dawa lazima iwepo, fedha lazima ziwepo, na mlango kati yao uwe wazi. Tena sindano hizi, kabla ya kuzima, huwasha: kwa wiki mbili hivi za mwanzo homoni hupanda, na kwa mgonjwa ambaye saratani imebana uti wa mgongo kupanda huko kunaweza kumpooza miguu, ndiyo maana hukingwa kwa vidonge vingine kabla. Mgonjwa anayepata sindano Machi, akaikosa Juni, akaipata Oktoba, ameruhusu homoni yake irudi. Anaweza hata kuwashwa upya. Kwenye karatasi yake pataandikwa dawa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwilini mwake kumepita mambo matatu tofauti.

Je, kukosa miezi michache kunadhuru kweli? Wapo wanaojibu kwamba hata madaktari wakubwa huwapumzisha wagonjwa kwa makusudi. Ni kweli, na jambo hilo lilipimwa. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, wanaume 1,535 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa: wengine waliendelea na tiba bila kukoma, wengine walipumzishwa kwa mpango, wakipimwa kila mara PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, na kurudishwa kwenye dawa ilipopanda. Waliopumzishwa waliishi kwa wastani wa kati miaka 5.1, na walioendelea miaka 5.8. Watafiti hawakuweza kusema kwamba kupumzika hakudhuru. Hao walikuwa watu wenye maabara, ratiba na daktari anayepiga simu. Ikiwa pumziko lililopangwa vile halikuthibitika kuwa salama, basi pumziko la Goma, lisilo na kipimo wala tarehe ya kurejea, halina wa kulitetea.

Kuna pingamizi jingine la kitaalamu lililo zito zaidi. Tangu 1993 inajulikana kwamba mgonjwa anayetumia vidonge vya kuizuia homoni ya kiume, vya aina ya flutamidi, pamoja na kuzimwa korodani, saratani ikianza kupanda, wakati mwingine hupata nafuu kwa kuachishwa vidonge hivyo tu, kwa sababu saratani ilikuwa imejifunza kuvila. Basi kuachishwa nako kunaweza kuwa tiba. Naam. Lakini tazama sharti lake: vidonge vya juu ndivyo vinavyoachwa, huku msingi, yaani ukosefu wa homoni ya korodani, ukibaki palepale. Na sharti hilo linarudi kila mahali katika historia ya dawa mpya. Dosetakseli, dawa ya tiba ya kemikali, ilipothibitika mwaka 2004 kuongeza maisha, abirateroni ilipofuata, enzalutamidi ilipoidhinishwa mwaka 2012, zote zilijaribiwa kwa watu ambao homoni yao ilikuwa imezimwa na ikaendelea kuzimwa. Ni ghorofa zilizojengwa juu ya msingi wa 1941. Anayempa mgonjwa ghorofa ya tatu huku msingi ukija na kuondoka ametumia fedha nyingi kujenga hewani.

Kuhusu mpangilio wa ghorofa zenyewe, miaka kumi iliyopita imefundisha mengi. Kwa mgonjwa mpya mwenye saratani iliyoenea sana, kuongeza kitu cha pili mapema, iwe mizunguko 6 ya dosetakseli au abirateroni, humpa maisha marefu zaidi kuliko kusubiri hadi msingi ushindwe. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha tofauti ya zaidi ya mwaka mmoja kwa dosetakseli. Kwa aliyeshindwa na abirateroni au enzalutamidi, kuhamia kwenye ndugu yake wa ukoo uleule hakufai sana. Jaribio la Canada la 2019 lilionyesha kwamba enzalutamidi baada ya abirateroni ilishusha PSA ipasavyo kwa wagonjwa 36 katika kila 100, ilhali kinyume chake ni 4 tu. Mwaka huohuo jaribio la Ulaya liliwachukua wagonjwa 255 waliokwisha kupita dosetakseli na mojawapo ya vidonge hivyo. Waliopewa kabazitakseli, dawa ya tiba ya kemikali, waliishi miezi 13.6 na waliohamishiwa kidonge ndugu miezi 11. Kwa hiyo kubadili kwa maana kunataka kwenda kwenye ukoo mwingine wa dawa, na kunataka kujua mgonjwa alikwisha kupita wapi.

Hapo ndipo Goma inapoumia zaidi, kwa maana ya kujua alikopita. Mgonjwa wa Murara ana historia ya kusafiri iliyo ndefu kuliko historia yake ya dawa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kumfikisha. Kwa miaka mingi njia ya mionzi ilielekea Kampala, kwa Rutshuru na Bunagana, hadi Mulago, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda iko tangu 1967. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi pale, iliyowekwa miaka ya 1990, iliharibika pasipo kutengenezeka, na nchi nzima pamoja na majirani wakabaki bila kitu. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Juni 2022 Bunagana yenyewe ikatekwa. Upande wa Rwanda, Butaro ilifunguliwa mwaka 2012 kwa tiba za kemikali, na hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, ikaanza kutibu kwa mionzi mwaka 2019. Kigali ni safari ya saa chache kutoka Gisenyi. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa korona. Juni 2022 Petite Barrière, lango la mpakani kati ya Goma na Gisenyi, ikaanza kufungwa saa 9 alasiri. Mtu aliyetaka kuvuka asubuhi, apimwe, achomwe na arudi kabla ya saa hiyo alifanya hesabu ambayo hakuna kitabu cha tiba kilichoiweka.

Na hapa siwezi kupita bila kutaja mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1915 huko Katanga yaligunduliwa mawe yenye urani na radiamu nyingi ajabu. Tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kiliyasafisha, na kwa karibu miaka kumi radiamu ya Kongo ilitawala soko la dunia. Bei ya gramu moja ilishuka kutoka zaidi ya dola 100,000 hadi karibu 70,000. Radiamu wakati huo ilikuwa dawa ya saratani, na tangu miaka ya 1910 madaktari wa Paris na wa Marekani walikuwa wakiiingiza ndani ya tezi dume zenye uvimbe. Mwaka 2013 aina nyingine ya radiamu iliidhinishwa kuwa sindano kwa wanaume ambao saratani hii imejaa mifupani. Nchi iliyotoa radiamu iliyowatibu wazee wa Ulaya kabla ya vita vya pili inawaacha wazee wake wavuke mpaka kutafuta mionzi. Naliandika kwa uchungu, kwa sababu hesabu ya madini haya hufanywa daima kwa mabomu na mara chache kwa wagonjwa.

Hata hivyo kuna somo la manufaa katika mionzi. Kwa maumivu ya mfupa mmoja, tafiti nyingi zilizokusanywa tangu mwisho wa miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba dozi moja kubwa, ya grei 8, hutuliza maumivu sawa na mfululizo wa siku nyingi, ingawa walioipata mara moja huhitaji kurudia zaidi. Kwa hospitali ya London tofauti hiyo ni suala la nafasi katika ratiba. Kwa mtu wa Murara ni tofauti kati ya kuvuka mara moja na kukodi chumba Kigali kwa wiki mbili. Ushahidi upo na una umri wa miaka zaidi ya 20. Anayempeleka mgonjwa ng'ambo anapaswa kuuliza kwanza kama dozi moja itatosha.

Kuna biashara moja ya Kivu inayoingia katika historia hii kwa njia ya mkato. Katika milima mirefu ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kenya, Kivu ikiwamo, unaota mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana na Wakikuyu huuita muiri. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa inayotokana na gome lake kwa wazee wanaokojoa kwa shida, na tangu hapo gome limekuwa likibanduliwa na kusafirishwa Ulaya, hadi mwaka 1995 mti huo ulipowekwa chini ya mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kivu Kaskazini nayo imekuwa mojawapo ya vyanzo. Mapitio ya mwaka 2002 ya majaribio 18 yaliona kwamba gome hupunguza kwa kiasi taabu ya mkojo kwa wenye tezi iliyovimba bila saratani. Kwa saratani iliyosambaa hakuna ushahidi wa kulitegemea. Siwalaumu wanaoanzia kwenye gome. Ulaya nayo iliwalipa fedha walibandue. Hatari yake ni kwamba mkojo ukianza kutoka vizuri mzee huamini amepona, na mwaka unapita, na kuhama kwake kutoka gome hadi hospitali, kubadili kwa kwanza kabisa, kunafanyika mifupa ikiwa imekwisha kuliwa.

Sasa pingamizi ambalo halijibiki kwa takwimu. Mtu atasema: unawapendekezea wazee wa Goma wakatwe korodani, wakati wa Paris wanapewa sindano na vidonge; unawafundisha maskini kuridhika. Tena katika nchi ambako miili ya watu ilikatwa na dola kwa ajili ya kuvuna mpira enzi za ukoloni, mashaka juu ya kisu yana kumbukumbu yake. Nalikubali pingamizi hili nusu. Mtu asikatwe kwa sababu ni maskini, na asikatwe bila kuelezwa. Methali yetu husema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili lazima aulizwe, na mkewe akiwapo kama anataka, na aambiwe wazi kwamba hamu ya ndoa itaondoka, joto la ghafla litampanda, na mifupa itapungua nguvu. Lakini aambiwe pia kwamba sindano hufanya yote hayo vilevile. Kinachozitofautisha tiba hizi mbili ni kile kinachoonekana na kile kinachotegemea safari. Tangu miaka ya 1940 upo upasuaji unaotoa nyama ya ndani ya korodani na kuacha ganda lake, hivi kwamba mwanamume hakosi kitu kwa kugusa. Wangapi huelezwa kwamba upo?

Nusu ya pili ya pingamizi naikataa. Kuuweka msingi usioweza kukatika ndiko kunakomwezesha mgonjwa kudai ghorofa za juu. Shirika la Afya Duniani liliiweka dosetakseli kwa saratani hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na abirateroni mwaka 2019. Kuidai Goma si anasa. Dosetakseli inataka wiki 18 za njia iliyo wazi na maabara ya kuhesabu chembe nyeupe, kwa sababu homa katikati ya mzunguko inaweza kuua ndani ya siku moja, nami singependa ianzwe mahali ambapo hakuna wa kuipokea homa hiyo saa 8 za usiku. Abirateroni ni vidonge vinavyobebeka mfukoni, na utafiti mdogo wa Chicago wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miligramu 250 pamoja na chakula zilishusha PSA sawa na 1,000 za tumbo tupu, jambo ambalo likithibitika kwa upana litapunguza bei hadi robo. Aliyefanyiwa upasuaji, kisha akapata vidonge vya miezi sita na kuvikosa vya saba, amepoteza ghorofa. Aliyekuwa kwenye sindano na vidonge, akavikosa vyote kwa pamoja wiki ya mwisho ya Januari 2025, amepoteza nyumba.

Bado kuna mwisho wa njia, ambako kubadili dawa hakuongezi kitu, na historia ya eneo hili ina la kujivunia hapo. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala akitumia mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga na kunywewa nyumbani, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Ni dawa ya bei ndogo kuliko nyingi nilizozitaja. Mgonjwa anayehamishwa kutoka dawa moja hadi nyingine huku akilia usiku kwa mifupa hajatibiwa, hata kama kila jina kwenye karatasi yake ni la kisasa.

Na karatasi yenyewe. Waganga wa Goma, wa Gisenyi, wa Kigali na wa Kampala hawatumii daftari moja, na baadhi yao wanaandika Kifaransa na wengine Kiingereza. Kinachovuka nao ni mgonjwa. Basi abebe karatasi moja yenye mambo manne: tarehe homoni ilipozimwa na kwa njia gani, kila PSA na siku yake, kila dawa na siku ilipoanza, na kwa kila dawa iliyokoma, kama iliachwa kwa uamuzi au ilikosekana. Hilo la nne hakuna fomu inayoliuliza, nalo ndilo litakalomzuia daktari wa ng'ambo asiseme kwamba dawa imeshindwa wakati haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Enyi watoto wa wazee wa Murara, ninyi ndio mnaoshika mkono wa baba hadi mlangoni mwa daktari. Kabla sindano ya kwanza haijachomwa, ulizeni ya pili itatoka wapi, na ulizeni itakuwaje lango likifungwa. Kama hakuna jibu, ombeni mwelezwe habari za upasuaji siku hiyohiyo, baba akisikia, naye achague.